Dakika 45 baada ya miaka saba

Mwaka juzi jirani yangu, mama aliyekimbia vita kutoka Bukavu, aliniomba nimsindikize kwenda kumwandikisha mwanawe shule. Yeye ana Kiswahili chake cha Kongo na Kifaransa cha kuombea maji. Walimu wa Kampala wana Kiingereza na Kiganda. Basi nikawa mkalimani. Mtoto alikuwa na miaka tisa, kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa bado hajatimiza miwili.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, akamwita mtoto kwa mkono, akampapasa kichwa. Kisha akasema, nami nikatafsiri: "Mama, mtoto huyu tunampenda. Lakini hapa watoto wanasomea mtihani. Akifika darasa la saba nitamfanyia nini?"

Mama hakungoja nimalize. "Mwambie mwalimu, la saba liko mbali. Sisi tumeombea la kwanza."

Nilitafsiri. Mwalimu akacheka kidogo kwa aibu, akatuandikia kwenye kikaratasi jina la shule ya viziwi ya bweni, tukaaga. Lugha tatu zilipishana ofisini mle juu ya kichwa cha mtoto, na yeye hakuwa na hata moja.

Tumezoea kulieleza jambo hili, la watoto wenye ulemavu kukosa shule, kwa maneno ya moyo: watu wana roho mbaya, wazazi wanaficha watoto, jamii haijaelimika. Yapo hayo. Nimekulia kambi ya polisi, na katika zile nyumba za mabati namkumbuka mtoto ambaye tulimjua kwa sauti tu, kwa sababu hakutolewa nje ya pazia. Lakini mwalimu mkuu yule hakusema mtoto ni laana. Alipiga hesabu, na hesabu yake, kwa jinsi shule zetu zinavyopimwa, ilikuwa sahihi.

Kwa msomaji aliye nje ya Uganda, mambo yako hivi. Mwisho wa darasa la saba kuna mtihani wa taifa, PLE, wa masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo lina alama kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Ukijumlisha, aliyefanya vizuri kuliko wote ana 4 na wa mwisho ana 36. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza. Matokeo yakitoka, magazeti hupanga shule kwa wingi wa madaraja ya kwanza, watoto hubebwa mabegani wapigwe picha, na shule za binafsi hutundika mabango barabarani yenye idadi ya waliopata 4. Mzazi anayetafuta shule haulizi kama kuna njia ya kupitisha kiti cha magurudumu. Anauliza, "Mwaka jana mlipata daraja la kwanza wangapi?"

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mtoto anayehitaji miezi minane kujifunza kile ambacho wenzake wamejifunza kwa miwili hakuongezei kitu chochote kinachohesabiwa. Ukimfundisha mpaka akajua kusoma, kuhesabu chenji na kuandika jina lake, umefanya kazi kubwa kuliko kumvusha mwerevu kutoka 6 kwenda 4. Ila kazi hiyo haina mahali pa kuandikwa. Kila mzazi wa nchi hii anajua kwamba hata watoto wasio na ulemavu wowote hurudishwa nyuma darasa la sita, au huambiwa wakajisajili shule nyingine, ili wasichafue wastani. Kama mtoto mzito wa Hisabati anapaliliwa kama magugu, kiziwi ataachwaje?

Ajabu ni kwamba baraza la mitihani lenyewe, UNEB, katika jambo hili limefanya vizuri kuliko wengi. Mtahiniwa asiyeona hupewa karatasi ya breli. Mwenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa. Kiziwi huletewa mkalimani wa lugha ya ishara. Asiyeweza kushika kalamu hupewa mtu wa kumwandikia. Na wote huongezewa dakika 45 kwa kila karatasi. Ni utaratibu wa heshima, na waliouanzisha wanastahili sifa zao.

Lakini tazama wanaoufikia. Miaka hii ya karibuni watahiniwa wa PLE wamekuwa zaidi ya 700,000 kila mwaka. Wanaosajiliwa kwa mahitaji maalumu hawafiki 5,000. Hiyo ni chini ya mmoja katika kila mia. Sensa ya mwaka 2014 ilikuta kwamba watu 12 na kitu katika kila mia, kuanzia umri wa miaka miwili, wana ulemavu wa aina fulani. Sitaki kuitumia takwimu hiyo kwa ujanja: ndani yake wamo wazee wenye mtoto wa jicho na watu wenye shida ndogo wasiohitaji dakika 45 za mtu yeyote. Tupunguze basi, tupunguze sana. Tuseme mtoto mmoja tu katika 50 anahitaji msaada wa kweli darasani. Hata kwa kipimo hicho cha kinyonge tungetarajia 14,000 kwenye chumba cha mtihani. Tofauti hiyo inapotea mahali fulani katika miaka saba ya shule, na wengi nadhani wanapotea siku ile ya kwanza, ofisini, juu ya kikaratasi.

Nchi hii inampa mtoto mwenye ulemavu dakika 45 za ziada baada ya miaka saba ambayo haikumpa hata kiti.

Tusiseme kwamba hatuna sheria, tuna kabati zima. Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katika malengo yake ya kitaifa inaitaka serikali ikuze lugha ya ishara kwa ajili ya viziwi, jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazikuwa zimeliandika wakati huo. Bunge letu lilipata mbunge kiziwi, Alex Ndeezi, mwaka 1996, na viti maalumu vya watu wenye ulemavu viko kuanzia bungeni hadi kwenye mabaraza ya chini. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza Januari 1997, utaratibu ulikuwa watoto wanne kwa kila familia, na kama kuna mwenye ulemavu, yeye awe wa kwanza kwenye orodha. Soma tena sentensi hiyo. Wa kwanza. Mwaka mmoja tu wanafunzi waliruka kutoka milioni tatu hivi hadi zaidi ya milioni tano, madarasa yakahamia chini ya miembe, na yule wa kwanza kwenye orodha akawa wa mwisho mlangoni, kwa sababu mwalimu mwenye watoto 120 hana pa kumweka mtoto wa 121 anayehitaji kushikwa mkono. Baadaye kikomo cha wanne kikaondolewa, wote wakaruhusiwa, na kipaumbele kikafa kimyakimya. Wote wakiwa wa kwanza, wa kwanza hayupo.

Kisha ikaja sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006. Hiyo iliandika kwamba si chini ya asilimia 10 ya matumizi yote ya elimu iende kwa mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Asilimia kumi! Hatukuikaribia hata kwa mbali. Mwaka 2008 tukaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2020 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Wakati wote huo, ruzuku ya mtoto katika shule ya serikali imesogea mpaka shilingi 20,000 hivi kwa mwaka. Ni kama bei ya kilo moja ya nyama Kampala. Mashine moja ya kuandikia breli inagharimu mamia ya dola, na karatasi zake nene si zile za dukani kwa Mhindi. Mwalimu mkuu anayempokea mtoto asiyeona anapata kilo yake ya nyama ileile kama aliyepokea anayeona. Hapo pia hesabu ya mwalimu ni sahihi.

Walimu je? Tunao kuliko tunavyodhani. Uganda ilikuwa na taasisi yake ya taifa ya elimu maalumu, UNISE, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na vyuo vingine viwili pale mlimani kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, na kitivo chake kinaendelea kutoa wataalamu mpaka leo. Mwalimu anajifunza breli, anajifunza ishara, anapata cheti, anapangiwa shule ya kawaida kijijini, na huko anapewa darasa la tatu lenye watoto 90 afundishe Hisabati kama mtu mwingine yeyote. Vidole vinasahau. Miaka ya 1990, kwa msaada wa Denmark, kulikuwa na mpango ulioitwa EARS, uliopeleka wilayani watu wa kuwapima watoto: huyu hasikii, huyu haoni ubaoni, huyu anahitaji kiatu cha chuma, akae mbele, apelekwe hospitali. Fedha za Wadenmark zilipokoma, kazi ile ilidhoofika. Katika mambo yote tuliyoyaacha yafe, hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana halikuwa na makuu. Ilikuwa ni mtu mwenye pikipiki na orodha.

Turudi kwenye kikaratasi: "Mpeleke shule ya bweni." Shule maalumu zinastahili heshima. Madera kule Soroti imewasomesha wasioona kwa vizazi, Ngora na Ntinda wamewalea viziwi, na wahitimu wao wako kwenye ofisi za mji huu. Lakini shule hizo ni chache na ziko mbali, kwa hiyo karibu zote ni za kulala. Mtoto wa miaka sita asiyeona anatengwa na mama yake miezi mitatu mitatu, anapewa kitanda kwenye bweni lenye madirisha ya nondo. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2022, bweni la wasichana la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, liliwaka moto. Watu 11 walikufa, wengi wao watoto. Zilifuata siku za rambirambi na maswali kuhusu umeme, nondo, walinzi. Yalikuwa maswali ya lazima. Moja sikulisikia likiulizwa kwa sauti: kwa nini mtoto wa miaka minane alikuwa analala pale, badala ya kulala kwao na asubuhi kwenda shule ya jirani? Kwa sababu shule ya jirani ilikuwa imeandika kikaratasi.

Hata hivyo sitaki mtu achukue maneno yangu akaenda kuzifunga shule za viziwi. Neno "jumuishi" ni tamu mdomoni, hasa mdomoni mwa mtu wa bajeti, kwa sababu kumkalisha kiziwi kwenye darasa la kawaida ni rahisi kuliko kumfundisha. Ukimweka mtoto asiyesikia katikati ya watoto 90 wanaosikia, na mwalimu asiyejua ishara hata moja akiwa amegeukia ubao, hujamjumuisha. Umemfungia kwenye umati. Mtoto wa jirani yangu hakuhitaji kwanza dawati. Alihitaji lugha. Viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo nyumbani hakuna wa kuwafundisha ishara, na shule ndiyo kijiji chao cha kwanza. Mtoto anayekuta lugha akiwa na miaka tisa ameshapoteza miaka ambayo ubongo hujenga lugha kwa urahisi. Mkataba ule tulioridhia mwaka 2008 unalijua hilo: ibara yake ya 24, pamoja na kudai elimu jumuishi, inataka viziwi wafundishwe kwa lugha na mazingira yanayowafaa zaidi. Kwa mtoto huyo, darasa la viziwi kumi ndani ya shule ya kawaida, lenye mwalimu wa ishara, huku wakicheza mpira na kula posho, yaani ugali, pamoja na wengine wote, ni ujumuishi kuliko kiti cha nyuma kabisa darasani. Madarasa ya namna hiyo yapo nchini, tunayaita yuniti. Ni machache mno.

Wengine mahitaji yao ni madogo mpaka unaona haya. Mtoto mwenye kifafa anahitaji vidonge vya bei nafuu kila siku, na mwalimu anayejua kumlaza ubavu na kungoja. Badala yake, bado kuna shule ambako mtoto akianguka darasa zima linakimbia, kwa imani kwamba ule mvuke au ute utawaambukiza, na kesho yake mzazi anaitwa. Kule kaskazini, Kitgum na Pader, ambako ugonjwa wa kutikisa kichwa, ambao ni aina ya kifafa, uliwapata watoto kwa maelfu, tulipaswa kuwa mabingwa wa dunia wa kusomesha watoto wenye kifafa. Hatukuwa. Na yule mwenye mguu mmoja dhaifu anahitaji choo chenye mlango mpana na kishikizo, basi. Mafundi wa kijiji wanajenga kishikizo hicho kwa bomba la maji na saruji nusu mfuko.

Nikae kidogo kwenye maneno, maana huko nako kuna jambo. Kiganda humwita bubu kasiru, neno la ukoo mmoja na omusiru, mpumbavu, na kwa kianzio kinachofanya vitu kuwa vidogo. Kiswahili hakina cha kujivunia: kipofu, kiziwi, kilema, tumewaweka na kiti na kijiko. Siku hizi tunasema asiyeona, mtu mwenye ulemavu, na ni vizuri, ingawa viziwi ninaowafahamu wanataka waitwe viziwi, si "wasiosikia", kwa sababu wao ni watu wenye lugha, si watu waliopungukiwa sauti. Msemo unaonichosha zaidi ni ule wa hujafa hujaumbika. Watu wanausema kwa upole, wakitoa sarafu. Unasema: mhurumie, nawe unaweza kuwa hivyo kesho. Huruma hiyo ndiyo inayoleta sabuni na sukari kwenye shule maalumu kila Krismasi, na haijawahi kumuuliza mwalimu mkuu alimpokea nani mwezi Februari, mwaka wa shule unapoanza.

Korona ilionyesha ukubwa wa pengo. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguka kikamilifu Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Masomo yakahamia redioni, na magazetini yakatolewa makaratasi ya kujisomea. Redio kwa kiziwi. Gazeti kwa asiyeona. Sina la kuongeza hapo.

Ningefanya nini? Ningeanza na hesabu ya mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiyo inayomtuma. Ningemwongezea ruzuku kwa kila mtoto mwenye mahitaji aliyempokea, mara nne au tano ya ile ya kawaida, ilipwe pale mkaguzi atakapomkuta mtoto ameketi na kufundishwa, si pale jina litakapoandikwa tu. (Najua mtakachosema. Wanafunzi hewa tunao wa kutosha. Ndiyo maana nataka mkaguzi amuone kwa macho.) Ningerudisha mtu mwenye pikipiki na orodha, mmoja kwa kila kaunti ndogo, atoke Kyambogo akiwa bado vidole vyake vinakumbuka. Na siku matokeo ya PLE yanapotangazwa, pamoja na idadi ya madaraja ya kwanza, ningetaka kila shule itajwe na namba nyingine mbili: watoto wenye ulemavu walioingia darasa la kwanza miaka saba iliyopita, na waliobaki. Magazeti yatachapisha chochote kinachopangwa kwa namba. Shule iliyopata madaraja ya kwanza 80 na sifuri kwenye safu hiyo, wazazi waione sifuri.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi. Nimewasikia, na wengine nawaheshimu. Lakini mtoto ambaye hakusoma hatoweki. Anakaa, anakula, anamfunga mama yake nyumbani asiende sokoni, na mara nyingi dada yake pia anatolewa shule amchunge. Gharama hiyo tunailipa tayari. Inalipwa na wanawake, kwa hiyo haionekani kwenye bajeti.

Jirani yangu hakwenda shule ya bweni ya kwenye kikaratasi. Alisema hakumvusha mtoto mpaka wa nchi ili aje kumlaza kwa watu wengine. Alipata yuniti, upande wa pili wa mji, bodaboda mbili kwenda na mbili kurudi. Juzi nilimkuta mtoto kibarazani akimfundisha mama yake ishara ya "njaa" na ya "shiba". Mama alikuwa anazichanganya, na mtoto anamrudishia mkono mahali pake, kwa subira, kama mwalimu. Yuko darasa la pili. Ana miaka kumi na mmoja, na la saba bado liko mbali.